Nyumba Bora: Mbili kwa Mbili au Mbili kwa Moja?

Mtu ajengaye nyumba hufikiri sana juu ya mabati, juu ya saruji na juu ya rangi ya mlango, kwa sababu hivyo ndivyo vionwavyo na jirani apitaye njiani. Ni wachache wazifikirio fito za mbao zikaazo nyuma ya dari na nyuma ya ukuta. Fito hizo huagizwa siku ya mwisho, na mara nyingi fundi huambiwa tu anunue "mbao ndogo" zilizo rahisi. Lakini dari ya bodi za jasi katika chumba cha futi 12 kwa futi 12, ikiwa bodi zina unene wa milimita 12.5, huwa na uzito upitao kilo 100. Uzito huo wote huning'inia juu ya vitanda vya watoto usiku na mchana, wala hauna kitu kingine cha kuushika ila fito hizo na skrubu zilizozamishwa ndani yake.

Jambo lenyewe si geni kwa watu wa nchi hizi. Mjenzi wa nyumba ya makuti pwani hutofautisha nguzo, mwamba, makombamoyo, pau na fito, na kila kimoja kina unene wake na kazi yake, wala hakuna fundi wa huko ambaye angeweka ufito mahali pa kombamoyo. Hata katika nyumba za mawe za Lamu ya kale, vyumba vilikuwa vyembamba na virefu kwa kuwa boriti za mikoko zilizobeba dari hazikuweza kuvuka nafasi iliyo kubwa sana. Mti ndio uliopanga upana wa chumba. Ujuzi huo haupasi kusahauliwa kwa sababu tu mti umekwisha kupasuliwa kwa mashine na kuuzwa kwa futi.

Katika maduka ya mbao ya Kenya, fito za kazi hii hujulikana kwa vipimo vyake. Iko mbili kwa moja, yaani inchi 2 za upana na inchi 1 ya unene, ambayo ni sawa na milimita 50 kwa 25. Iko mbili kwa mbili, milimita 50 kwa 50, ambayo mafundi wengi huiita brandaringi ikiwa ni ya dari. Kisha iko tatu kwa mbili, milimita 75 kwa 50. Wengine huuza pia vipande vya moja kwa moja, na hivyo vinafaa kwa banda la kuku au kwa kuzuia kioo cha dirisha, si kwa kubeba bodi.

Upana na unene wa ufito ni mambo mawili mbalimbali, na kila moja lina sababu yake. Ni vema kuanza na upana, yaani ule uso ambao bodi hulalia.

Bodi ya jasi kwa kawaida ina upana wa milimita 1200 na urefu wa milimita 2400. Mahali bodi mbili zikutanapo, ufito mmoja hubeba zote mbili, na kila bodi hupata nusu ya uso wake. Sasa skrubu haifai kutiwa karibu mno na ukingo wa bodi, maana jasi ni kitu chepesi kuvunjika: kwenye ukingo uliofunikwa kwa karatasi huachwa angalau milimita 10, na kwenye ukingo uliokatwa kwa kisu huachwa angalau milimita 13. Basi na apige hesabu mwenye nyumba. Ufito wenye uso wa milimita 25 huipa kila bodi milimita 12.5 tu. Skrubu ikikaa milimita 10 kutoka ukingo wa bodi, itabaki milimita 2.5 kabla ya kufika ukingo wa ufito, na mbao itapasuka papo hapo, au skrubu itatokea ubavuni ikashika hewa. Kwenye ukingo uliokatwa hakuna nafasi kabisa. Ufito wa milimita 50 huipa kila bodi milimita 25, na skrubu hupata mbao ya kutosha pande zote mbili. Kwa hiyo inchi 2 za uso si anasa ya matajiri, bali ni hesabu ya kutoa na kujumlisha ambayo mtoto wa shule aweza kuifanya.

Unene una kazi nyingine. Kwanza, ndio unaoishika skrubu. Pili, ndio unaozuia ufito usinepe.

Kwa habari ya kunepa, mbao ina tabia ambayo wengi hawaijui, nayo ina thamani kubwa kwa mtu mwenye fedha chache. Upana wa ufito ukiongezwa mara mbili, nguvu zake za kukataa kunepa huongezeka mara mbili tu. Lakini unene wake ukiongezwa mara mbili, nguvu hizo huongezeka mara nane. Ndiyo maana mbili kwa mbili, ambayo ina mbao mara mbili tu ya mbili kwa moja iliyolazwa, hunepa sehemu moja kati ya nane ya mwenzake. Na tatu kwa mbili iliyosimamishwa kwa ubavu hushinda mbili kwa mbili zaidi ya mara tatu, ingawa mbao iliyoongezwa ni nusu yake tu. Kwa upande wa pili, nafasi kati ya vishikio ni adui mkali: ufito uliobeba uzito uleule kwa kila futi, ukivushwa mahali palipo parefu mara mbili, hunepa mara 16.

Kwa sababu hiyo haiwezekani kumjibu mtu aulizaye, "Ninunue mbao gani?" kabla ya kumwuliza yeye, "Ufito wako umeshikwa na nini, na kila baada ya hatua gani?"

Ukuta wa mawe ndio ulio rahisi kujibiwa. Hapo ufito umelala juu ya jiwe urefu wake wote, nao hauna nafasi ya kunepa. Mbili kwa moja yatosha, na mtu atumiaye mbili kwa mbili amepoteza fedha na inchi nzima ya chumba kila upande. Hata hivyo na aangalie urefu wa skrubu. Bodi ya milimita 12.5 ikifungwa kwa skrubu ya milimita 38, milimita 25.5 huingia katika mbao. Nao ufito una milimita 25. Nusu milimita hiyo hugonga jiwe, na skrubu ikigonga jiwe haizami, bali huusukuma ufito kutoka ukutani au huharibu uzi wake ndani ya mbao. Skrubu ya milimita 32 huacha milimita 19.5 ndani ya ufito, na kwa ukuta hizo zatosha, maana uzito wa bodi hushuka chini na hauvuti skrubu kuitoa.

Liko pia jambo la umeme. Bomba la plastiki la milimita 20 lipitishalo nyaya laweza kujificha nyuma ya bodi bila ukuta kuchimbwa. Kisanduku cha soketi chenye kina cha milimita 35 nacho huingia, kwa kuwa ufito na bodi pamoja ni milimita 37.5. Kisanduku cha swichi ya jiko la umeme, ambacho mara nyingi huzidi hapo, hakitaingia mpaka jiwe lichongwe kidogo. Afadhali mambo hayo yapimwe na fundi wa umeme kabla ya seremala kuleta sanduku lake la vifaa.

Kuta za mawe za nyumba nyingi hazikunyooka. Seremala mwema hupiga timazi, hutafuta mahali ukuta uliposogea mbele kuliko pote, kisha hupandisha fito nyingine zote hadi usawa huo kwa vipande vyembamba vya mbao. Na ikiwa ukuta unavuta maji kutoka chini, kama zilivyo kuta nyingi zilizojengwa bila kizuizi cha unyevu juu ya msingi, fito hazina budi kutenganishwa na jiwe kwa ukanda wa plastiki nzito au wa karatasi ya lami. Lakini ukuta unaotoa maji kweli kweli hauponywi kwa kufunikwa. Bodi ya jasi hunywa maji kama mkate, na ukungu utakuwa umetokea kabla ya mvua za masika kwisha.

Jikoni na bafuni, na mahali pote patakapotundikwa kabati, sinki au fimbo ya pazia, jasi peke yake haiwezi kushika kitu. Yafaa kuweka vipande vya kulala vya mbao pana zaidi kati ya fito, vyenye unene uleule, kwa kimo kinachojulikana, na kuandika vipimo hivyo katika daftari. Vikishafunikwa, hakuna atakayekumbuka vilipo.

Dari ndiyo yenye mashaka. Hapa ufito haulali juu ya kitu, bali huning'inia kutoka kwa kenchi, yaani zile pembetatu za mbao zibebazo paa, na kati ya kenchi na kenchi hauna msaada. Mtu afikiriwe ambaye ni karani aliyestaafu na ajengaye huko Kinangop, mahali ambapo baridi ya usiku humfanya kila mtu atake dari. Kenchi zake zimepangwa kila baada ya futi 4, kwa sababu paa ni la mabati na fundi alitaka kupunguza mbao. Akinunua mbili kwa moja na kuilaza bapa chini ya kenchi hizo, dari itaonekana imenyooka siku ya kupakwa rangi. Baada ya miezi michache itaanza kunepa milimita kadhaa kati ya kenchi na kenchi, kwa kuwa mbao iliyobebeshwa uzito daima huendelea kunepa polepole, na jioni taa ikiwashwa mawimbi yataonekana kama mashuka yaliyoanikwa. Isitoshe, ufito mwembamba hurukaruka fundi anapoupiga msumari, na kila pigo hulegeza msumari uliotangulia.

Mbili kwa mbili katika nafasi hiyo ya futi 4 hunepa kidogo sana hata jicho lisione. Ikipita futi 4, afadhali tatu kwa mbili iliyosimamishwa kwa ubavu, au vipande vya kuning'iniza kutoka juu katikati ya nafasi, vikipigiliwa kwenye mbao za paa. Mbili kwa moja isitumike katika dari isipokuwa boriti za juu zimekaribiana futi 2 au chini yake, na hata hapo na apewe fundi skrubu badala ya misumari.

Nafasi kati ya ufito na ufito haipangwi kwa macho. Milimita 1200 za upana wa bodi na 2400 za urefu wake hugawanyika sawasawa kwa 400 na kwa 600, na ndiyo maana vipimo hivyo viwili vimechaguliwa. Ukipanga fito kila baada ya milimita 500, ncha ya bodi itaanguka hewani, na itakubidi kukata kila bodi na kutupa kipande. Kwa ukuta na bodi za milimita 12.5, milimita 600 zakubalika. Kwa dari zinafaa 400. Bodi nyembamba za milimita 9, ambazo wauzaji huzisifu kwa wepesi wake, zinadai milimita 400 ukutani pia. Hivyo faida ipatikanayo kwa bodi hurudi dukani kwa njia ya mbao.

Chumba kile cha futi 12 kwa futi 12, ambacho ni milimita 3600 kila upande, huhitaji mistari 10 ya fito ikiwa nafasi ni milimita 400, na mistari 7 ikiwa ni 600. Kila mstari ni futi 12, kwa hiyo ni futi 120 kwa futi 84. Vikiongezwa vipande vya kukingama kwenye maungio marefu ya bodi na kando ya kuta, mistari 4 ya futi 12, hupatikana futi 168 kwa chumba kimoja. Bodi zenyewe ni 5, na nusu moja itabaki. Mwenye nyumba aliye na hesabu hii mkononi hawezi kuambiwa na mtu yeyote kwamba chumba hicho kimekula futi 250.

Skrubu za dari hutiwa kila baada ya milimita 230, na za ukuta kila baada ya milimita 300. Za dari ziwe milimita 38 kwa bodi ya 12.5, zipate kuzama milimita 25 katika mbao. Wako mafundi waaminio kwamba msumari mrefu zaidi ndio salama zaidi, na hapo hukosea. Mbao mbichi ikikauka hujikunja ndani, na uso wake huondoka kidogo kutoka kwenye bodi; lakini ncha ya msumari iliyozama ndani sana haisogei pamoja na uso huo. Matokeo ni kichwa cha msumari kutokeza nje kupitia rangi, kikiwa kama chunusi. Kadiri msumari ulivyozama ndani zaidi katika mbao mbichi, ndivyo kichwa kitokezavyo zaidi. Dawa yake ni mbao kavu, si msumari mrefu.

Nje ya nyumba hesabu hubadilika, kwa kuwa kazi ya ufito wa nje si kubeba tu bali pia kupitisha hewa. Nyumba za mbao za nyanda za juu zimekuwapo tangu siku za kwanza za reli, na nyingi zilifunikwa kwa magamba ya mtarakwa, mti ambao mchwa huuchukia. Siku hizi mtu hupata mbao za saiprasi za inchi 6 kwa inchi 1, au magamba yaliyobaki kiwandani. Mvua ya upepo itapenya kati ya mbao hizo hata zikifungwa vizuri namna gani. Basi jambo la busara si kuzuia kila tone, bali kuyaacha maji yaliyoingia yateremke nyuma ya mbao na kutoka chini, na kuiacha hewa ipande nyuma yake na kuzikausha. Nafasi ya milimita 25 yatosha kwa hewa hiyo.

Kwa nafasi ya hewa, basi, mbili kwa moja ingetosha. Lakini kuna msumari. Kanuni ya maseremala ni kwamba msumari uwe na urefu wa mara mbili na nusu ya unene wa mbao ifungwayo. Mbao ya inchi 1 hutaka msumari wa inchi 2 na nusu. Inchi 1 huishia katika mbao, na inchi 1 na nusu hutafuta pa kushika. Katika mbili kwa moja nusu inchi yake itatokea upande wa pili. Kwa hiyo nje inafaa mbili kwa mbili, isipokuwa mbao za kufunika ziwe nyembamba kuliko nusu inchi, nazo hizo hupinda kwa jua na hazifai kusifiwa. Nafasi ya milimita 600 yatosha kwa mbao zenye unene wa karibu milimita 20 na kuzidi. Zilizo nyembamba kuliko hapo zataka 400.

Mwelekeo nao una maana. Mbao zikilazwa, fito husimama, na maji hushuka kati ya ufito na ufito bila kizuizi. Mbao zikisimamishwa, fito hazina budi kulala, na kila ufito uliolala huwa kama rafu ikusanyayo maji na majani. Atakaye mbao za kusimama na atangulize fito nyingine zilizosimama ukutani, mbili kwa moja, kisha juu yake apigilie zile za kulala. Ni gharama zaidi, lakini ukuta usio na fito hizo za kwanza huanza kuoza mahali pasipoonekana.

Mbao zinazolaliana zipigiliwe ili msumari upite katika ubao mmoja tu, juu kidogo ya ukingo wa ule wa chini; ubao uliofungwa juu na chini hauna pa kusogea unapokauka, basi hupasuka katikati. Ubao wa chini kabisa uwe juu ya ardhi inchi 6 au zaidi, maana matone yaangukayo kutoka paani hurusha udongo, na mchwa hupenda njia fupi. Na chini ya nafasi ya hewa pawekwe wavu mwembamba wa waya, ili panya na nyuki wasijifanye wapangaji.

Haya yote ni bure ikiwa mbao zinunuliwazo si zile zisemwazo. Hapa ndipo mkulima au karani hupoteza fedha zaidi kuliko mahali pengine pote. Mbao iuzwayo kwa jina la mbili kwa mbili yaweza kuwa milimita 50 ikiwa imepasuliwa vizuri, au 45 ikiwa imepigwa randa, na zile zipasuliwazo shambani kwa msumeno wa mnyororo zaweza kuwa 52 upande mmoja na 43 upande wa pili. Kupungua kwenyewe si hatari kubwa. Hatari ni kutolingana. Fito za milimita 45 zote ni bora kuliko fito ambazo moja ni 50 na jirani yake 44, kwa kuwa bodi hufuata fito, na tofauti ya milimita 6 haifichwi na lipu wala rangi. Mnunuzi na aende na futi yake, apime ncha zote mbili za kila kipande, na asione haya. Kama tofauti ni kubwa, na azipitishe zote katika mashine ya randa zipate kuwa na unene mmoja.

Ufito uinuliwe hadi jichoni na kutazamwa urefu wake wote kama mtu atazamaye bunduki. Uliopinda upande mmoja kidogo waweza kunyoshwa unapopigiliwa. Uliojisokota kama kamba haunyoshwi na mtu. Vifundo vikubwa kupita theluthi moja ya upana huvunja ufito hapo hapo. Kipande chenye moyo wa mti katikati yake kitajisokota baadaye, hata kama leo kimenyooka.

Aina ya mti nayo ichaguliwe kwa kazi. Saiprasi ni nyepesi, hupokea msumari vizuri na kiini chake huvumilia kiasi, lakini hainywi dawa kwa urahisi. Msonobari hunywa dawa vizuri sana, na usipotiwa dawa huliwa upesi. Mkaratusi una nguvu, ila hupasuka kwa msumari usipotobolewa kwanza kwa keekee, na hujipinda ovyo unapokauka. Kwa nguzo unafaa, kwa fito za bodi haufai. Tangu Februari 2018, serikali ya Kenya iliposimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma na ya jamii, mbao nyingi zilikuja kutoka mashamba ya watu binafsi, ambako miti mara nyingi hukatwa ikiwa michanga, na nyingine kutoka Tanzania. Rais William Ruto alitangaza kuondolewa kwa marufuku hayo Julai 2023, na jambo hilo likapelekwa mahakamani. Kwa mnunuzi maana yake ni kwamba rundo moja dukani laweza kuwa na mbao za mashamba matatu, na la msingi ni kulichambua kipande kwa kipande.

Mti mchanga una maji mengi. Ufito wa milimita 50 ulionunuliwa mbichi waweza kupoteza milimita moja au mbili ukishakauka, na ndizo hizo zifunguazo nyufa kwenye maungio ya dari. Mbao zipangwe chini ya paa, si juani, zikitengwa kwa vijiti ili hewa ipite kila upande, na juu yake pawekwe mawe. Mkulima mwenye mizani ya kupimia maziwa au kahawa hahitaji chombo kingine: achague kipande kimoja, akitie alama, akipime kila Jumamosi na kuandika. Siku uzito utakapokoma kupungua kwa majuma mawili mfululizo, mbao imekwisha kukauka kadiri ya hewa ya mahali hapo.

Dawa ya mchwa itiwe baada ya kukata, au ncha zilizokatwa zipakwe tena, kwa kuwa dawa nyingi hukaa karibu na uso na msumeno hufungua mlango mpya. Mbao za kijani zilizotiwa dawa ya shaba na aseniki kwa mashine ni nzuri kwa fito za nje. Vipande vinavyobaki vya mbao hizo visipelekwe jikoni kuwa kuni, wala pumba zake zisitandikwe kwenye banda la kuku, kwa maana aseniki haiteketei motoni, bali hubaki katika moshi na katika majivu. Vizikwe mbali na kisima.